Barua kwa mhariri: Ufukwe ni njia ya watu wote, tusikubali uwekewe uzio

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba sisi Waswahili tulioko Marekani tumekosa la kufanya, tunazurura na mbwa kwenye magari ya kulala wakati nyumbani kuna shida kibao, alafu akamalizia kwamba fukwe nzuri dunia nzima ni za wenye hela na sisi wengine tukubali tu ndo maisha. Hilo la kwanza sina ugomvi nalo, kila mtu na starehe yake. Ila hilo la pili limenikaa kooni. Siyo kweli hata kidogo, na mimi naishi sehemu ambayo sheria imekataa kitu hicho tangu mwaka 1967.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mume wangu ni Mkenya, kazaliwa Kilifi, wote tumekulia karibu na bahari. Tunaishi Salem, jimbo la Oregon, huku magharibi kabisa ya Marekani, na kutoka kwetu mpaka Pasifiki ni mwendo wa saa moja na kitu. Mume wangu anaendesha malori, mimi nahudumia wazee. Siyo matajiri. Tuna pikapu, tuna tela la kulala la mtumba tulilouziwa na mzee mmoja aliyekuwa ameshaacha safari, lina kitanda, jiko la gesi, kafriji, choo na bafu ambamo ukigeuka tu kiwiko kinagonga ukuta, na tuna mbwa wawili, Simba na Popi. Zamu zangu na safari zake za lori zikikubaliana tunafunga tela nyuma ya pikapu, mbwa wanapanda siti ya nyuma, tunashuka pwani tunashika barabara kuu namba 101 inayofuata bahari jimbo zima. Pwani ya Oregon ina maili 363, yaani kama kilomita 580 hivi, karibia Dar mpaka Moshi, na yote hiyo ukishuka kwenye mchanga hakuna mtu wa kukuuliza wewe nani na umefata nini.

Yote. Naomba msomaji mwenzangu alishike hilo neno. Mbele ya hoteli ya kifahari unapita, mbele ya nyumba ya bilionea unapita, unakaa, unatandika khanga yako unakula wali wako wa nazi, watoto wanachimba mashimo, mbwa wanakimbia, na mlinzi wa hoteli anakusalimia tu anaendelea na kazi zake.

Na hii haikuja kwa sababu watu wa huku wana roho nzuri kuliko sisi. Ilipiganiwa. Mwaka 1913 gavana wao mmoja, Oswald West, aliona fukwe zinauzwa kipande kipande akatafuta ujanja wa kisheria, akawaambia wabunge watangaze mchanga wote unaolowa, kutoka maji yanapojaa mpaka yanapokupwa, kuwa barabara ya umma. Ilikuwa rahisi kukubalika kwa sababu zamani watu walikuwa kweli wanasafiri kwa kupita ufukweni, misitu ilikuwa mizito na barabara hakuna. Ikapita. Watu wakakaa miaka zaidi ya hamsini wakijua bahari ni yao, mpaka kiangazi cha 1966 pale Cannon Beach, mji mdogo wenye jiwe kubwa la Haystack linalosimama majini mita 72, mwenye hoteli mmoja akazungushia uzio mchanga mkavu wa mbele ya hoteli yake, akasema hapa ni wageni wangu tu. Na kisheria alikuwa na hoja, maana ile sheria ya 1913 ilihusu mchanga unaolowa tu, huku juu kwenye mkavu ambako ndo watu wanakaa haikugusa.

Muswada wa kuziba hilo pengo ukapelekwa bungeni mwaka 1967 ukakwama kwenye kamati. Gavana wa wakati huo alikuwa Tom McCall, zamani alikuwa mwandishi wa habari, kwaiyo alijua nguvu ya magazeti na televisheni. Mwezi Mei akapanda helikopta na wataalamu wake na wapima ardhi wakatua ufukweni, wakaonyesha mbele ya kamera mstari wa umma uwe wapi. Habari zikaenea, barua na simu za wananchi zikawamiminikia wabunge mpaka muswada ukapita, na tarehe 6 Julai 1967 akausaini. Nasisitiza barua, mhariri, kwa sababu na mimi ndo ninachofanya hapa.

Alafu kesi. Mgogoro wa jimbo na mwenye hoteli kuhusu ule uzio ukafika mahakamani, na mwaka 1969 mahakama kuu kabisa ya jimbo ikaamua kwamba umma una haki ya kutumia mchanga mkavu, na sababu waliyoitoa ndo inayonifanya nishindwe kunyamaza: desturi. Walisema watu wametumia huu mchanga tangu zamani bila kukatazwa na mtu, na kwamba hata walowezi wa kwanza walipofika waliwakuta wenyeji wanachimba chaza kwenye mchanga unaolowa na kuwasha moto wa kupikia kwenye mchanga mkavu. Desturi ya muda mrefu namna hiyo ni haki, haihitaji hati.

Sasa jamani. Kuna watu duniani wenye desturi ya ufukwe kutuzidi sisi? Wavuvi wanaopaki ngalawa, wanawake wanaoshuka bamvua likikauka kuchokoa pweza na kuokota chaza, wanaolima mwani Unguja na Pemba, watoto wanaocheza mpira jioni mchanga ukiwa mgumu. Kama mahakama ya Wamarekani iliona moto wa kupikia ni ushahidi wa haki, sisi ushahidi wetu ni magofu ya misikiti ya karne na karne yaliyosimama kwenye pwani yetu, Tongoni hapo Tanga, Gede kule Kilifi kwa mume wangu. Hatukosi hoja hata kidogo, tumekosa tu mtu wa kuisimamia.

Ila nisiwapake mafuta watu wa huku. Haohao wenyeji waliokuwa wanapika ufukweni walifukuzwa. Kuna mlima unaingia baharini unaitwa Cape Perpetua, karibu na kamji ka Yachats, na hapo kuna njia ya miguu inaitwa njia ya Amanda. Amanda alikuwa mama mzee wa kabila la Wacoos, kipofu, mwaka 1864 wanajeshi walimswaga yeye na wenzake kwa miguu kwenye miamba mpaka kwenye eneo walilotengewa kukaa, miguu ikawa inatoka damu, na mwanajeshi mmoja aliyekuwepo akaandika kwenye shajara yake. Sahivi kuna sanamu yake msituni, watu wanaacha shanga na makombe miguuni pake. Tukipita hapo na mume wangu hatuongei. Kwaiyo nikisema pwani ya Oregon ni ya kila mtu najua imekuwa ya kila mtu baada ya kunyang'anywa wenyewe, na hilo liandikwe pia.

Hilo jina la Perpetua lilinishtua mara ya kwanza kulisoma kwenye kibao cha barabarani, maana kwetu akina Perpetua ni wengi, nina shangazi na nina mwalimu wangu wa darasa la tatu. Nahodha James Cook aliuona huo mlima tarehe 7 Machi 1778, siku ya Mtakatifu Perpetua, ndo akauita hivyo. Na Perpetua mwenyewe alikuwa mwanamke wa Afrika, wa Karthago, huko Tunisia ya leo, aliuawa mwaka 203 kwa kukataa kuikana imani yake. Mlima mzima ukingoni mwa Pasifiki una jina la mama wa Kiafrika na wengi wanaopita hapo hawajui!

Pale chini ya Perpetua kuna msitu ambao natamani kila mtu wa Amani au Magoroto, kule kwetu Tanga kwenye misitu ya milimani, auone. Ni misprusi ya Sitka na mihemloki, miti mirefu ya jamii ya misonobari, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, mashina yamevaa kuvu na kangaga mpaka huoni gome, konokono wa njano asiye na gamba mrefu kama kiganja anakatiza njia taratibu na Popi anamsimamia anamwangalia mpaka aondoke. Unapanda kando ya kijito unafika kwenye msprusi mmoja mkubwa, mita kama 56 kwenda juu, umri wake zaidi ya miaka 500. Ulianza maisha yake juu ya gogo la mti mwingine ulioanguka, mizizi ikalikumbatia gogo ikashuka mpaka ardhini, gogo likaoza likaisha lote, sahivi pale chini ya mizizi imebaki nafasi kama mlango, mtoto anapita kwa kutambaa. Simba akifika hapo anaingiza kichwa, ananusa muda mrefu sana, mkia umesimama, alafu anarudi nyuma ananitazama. Mbwa wanaruhusiwa kule ila kwa kamba, na sisi kamba hatuifungui.

Nije kwenye mbwa, maana hapo ndo msomaji mwenzangu alicheka, na mimi naona ndo penye funzo kubwa kwetu.

Uhuru wa ufukwe wa huku una masharti na masharti yenyewe yanafuatwa. Kambini kamba isizidi futi sita, kama mita mbili kasoro. Ufukweni sehemu nyingi unaweza kumwachia mbwa ila awe anakusikia ukimwita na kamba uwe nayo mkononi. Kinyesi unaokota kwenye kimfuko unatupa pipani, siyo unafukia mchanga na mguu. Alafu kuna sehemu zenye vibao ambako mbwa haruhusiwi kabisa hata akiwa na kamba, kuanzia tarehe 15 Machi mpaka 15 Septemba, kwa sababu ya kandege kadogo kanaitwa snowy plover. Hako kandege hakajengi kiota cha majani, kanapekua tu kishimo kwenye mchanga mkavu kanataga mayai, kawaida matatu, rangi ya mchanga wenyewe na vidoadoa, unaweza kuyakanyaga ukiwa unayatafuta. Mbwa akipita karibu mama anakimbia, mayai yanapigwa na jua au upepo au kunguru wanayabeba. Mwaka 1993 serikali iliweka ndege hao kwenye orodha ya viumbe walioko hatarini. Basi miezi hiyo watu wote na mbwa zao wanahama upande wa pili wa ufukwe, na mara nyingi hata mlinzi hakuna, ni kibao tu na kamba ya manjano. Tumekaa kwenye eneo la matuta ya mchanga kusini ya Florence, matuta makubwa hayo yanafuata bahari maili 40, tukaona familia na mbwa wao wakubwa wanageuza gari baada ya kusoma kibao. Nilifurahi sana siku ile.

Nikawaza Ushongo, Pangani, ambako mayai ya kasa yanayotagwa kisiwa cha Maziwe huletwa kufukiwa upya maana kisiwa chenyewe sahivi maji yakijaa kinazama. Watu wanajitolea usiku kubeba mayai moja moja kwa mikono. Mbwa mmoja tu wa kuzurura akilijua hilo shimo kazi yote imeisha. Watamu, pwani ya Kenya, hivyohivyo. Sisi tuna kasa, wao wana kandege, ishu ni ileile, kwanini tushindwe kuweka kibao na tarehe na watu wakaheshimu?

Na kuna jambo la ibada ambalo watu wa bara wanalipita juujuu. Pwani yetu majirani zetu wengi ni Waislamu, mate ya mbwa yakimgusa mtu inabidi ajitoharishe kabla ya kuswali, kwaiyo mbwa asiyefungwa anayemrukia mtu ufukweni jioni anamharibia mtu sala yake. Hilo linatosha kuwa sababu ya kamba. Kuna mara tulikuwa kambi ya Beverly Beach, pale unatoka kambini unapita na kijito chini ya daraja la barabara 101 ndo unatokea baharini, na chini ya daraja tukakutana na familia imetoka Portland, baba, mama na watoto kama sita, wanaongea Kiswahili cha Kongo. Watoto walipoona Simba wakajificha wote nyuma ya mama yao. Yule baba akauliza, “Mama, iyi imbwa inalumaka?” Nikamwambia hapana baba, haumi, lakini ngoja kwanza. Mume wangu akamvuta Simba pembeni akamkalisha, sisi tukasogea ukutani, wakapita wote mpaka wa mwisho ndo tukaendelea. Baadae jioni wakatuletea samaki wa kuchoma na ugali wa muhogo, tukakaa nao mpaka giza, mbwa wakiwa wamefungwa kwenye tela. Yule mama alisema amekaa Marekani muda mrefu kidogo ila hajawahi kwenda baharini, alidhani unalipia.

Alidhani unalipia! Hilo neno limenisumbua mpaka leo kwa sababu najua alikolitoa. Sisi tumezoeshwa kwamba bahari ina geti.

Kwa wenye mbwa walioko huku wanaosoma gazeti lako kwenye simu, naomba niwape mambo mawili ya usalama maana yanaua. La kwanza, msimwache mbwa ale samaki salmoni mbichi, wala vichwa na matumbo wanayotupa wavuvi kandokando ya mito. Kuna kimnyoo ndani ya hao samaki wa pwani hii kinabeba bakteria, mbwa baada ya siku chache anatapika, anakataa kula, anapata homa, tezi zinavimba, na asipotibiwa wengi wanakufa, ila akiwahi kwa daktari wa mifugo dawa ipo na anapona. Samaki akipikwa vizuri hana shida. La pili ni mawimbi. Haya siyo maji yetu ya vuguvugu, ni nyuzi 10 mpaka 13, na kuna wimbi moja la kushtukiza linaweza kuja baada ya dakika nyingi za utulivu likapanda juu ya ufukwe kuliko yote, likayainua yale magogo makubwa yaliyolala mchangani. Gogo unaliona limekauka limetulia, mtoto anakaa juu yake, maji kidogo tu yanalibiringisha. Watu wanafuata mbwa wao majini wanazama, alafu mbwa anatoka mwenyewe. Usiipe bahari mgongo.

Na kandokando ya barabara 101 utaona vibao vya kuonyesha pa kukimbilia tsunami. Tarehe 26 Januari 1700 tetemeko kubwa lilipiga pwani hii, bahari ikapanda, na Wajapani ng'ambo ya pili ya Pasifiki waliandika wimbi hilo kwenye kumbukumbu zao. Pale Neskowin maji yakikupwa vinatokea visiki vya misprusi ya miaka kama 2,000, vimesimama mchangani vimejaa kome, msitu mzima uliozama. Mume wangu alikaa kwenye kimoja akasema huu ni kaya uliokwenda chini ya bahari.

Yeye kila msitu anaupima na kaya. Wasiojua, kaya ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda huko Pwani ya Kenya, walikoishi mababu zao ndani ya boma, na wazee wamekataza kukata mti humo kizazi hadi kizazi, mwaka 2008 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia. Na karibu na kwao kuna Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki. Tulivyovuka mpaka kuingia California kwenye miti ya redwood, miti mirefu kuliko yote duniani, mmoja wao umepimwa zaidi ya mita 115, alikaa kimya muda mrefu alafu akauliza hii iliyobaki ni kiasi gani. Tukasoma kibao: kama asilimia tano tu ya msitu wa zamani, mwingine wote ulikatwa kwa mbao. Ardhi ya hifadhi ilianza kulindwa na serikali kuu mwaka 1968 wakati mashoka na misumeno ilikuwa imeshamaliza sehemu kubwa. Wamijikenda hawakuwa na serikali wala walinzi, walikuwa na wazee na mwiko, na kaya zipo.

Kwenye redwood mbwa hawaruhusiwi njia za msituni, wanaruhusiwa kambini na baadhi ya fukwe na barabara za magari, kwaiyo tunapokezana. Mmoja anaingia msituni, mwingine anabaki na Simba na Popi, alafu tunabadilishana. Tela nalo tunaliacha kambini, kuna barabara ya vumbi inapita katikati ya miti karibu na Crescent City inaitwa Howland Hill, ni nyembamba, shina limeingia mpaka barabarani, magari makubwa na matela yanashauriwa yasiingie. Kule kiangazi mvua hakuna ila ukungu wa bahari unaingia asubuhi, matawi yanaunasa yanaudondosha chini, unasikia kama mvua inanyesha na juu kweupe. Hivyo ndo hiyo miti inavyokunywa.

Msomaji mwenzangu atasema sawa, lakini hayo yote yanagharamiwa na nchi tajiri. Hapana, asikilize hesabu ya Oregon. Hifadhi za jimbo hazitegemei kodi ya jumla. Zinaendeshwa na ada za kambi tunazolipa wenyewe, na ada ya usajili wa magari ya kulala na matela, yaani kila ninapolipia namba ya tela langu kuna kipande kinakwenda kutengeneza vyoo vya kambi, na mwaka 1998 wapiga kura waliamua sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya jimbo iende huko pia. Kambini unachomeka umeme, unaunga hozi ya maji, maji machafu yanakaa kwenye matenki mawili chini ya tela, siku ya kuondoka unapita kwenye kituo cha kumwagia, unafungulia la choo kwanza alafu la sinki lioshe bomba, unaondoka hujachafua kitu. Usiku kuanzia saa nne kelele basi. Wasio na tela wanapiga hema kwa bei ndogo zaidi. Na anayeshuka mchangani kwa miguu yake halipi senti.

Sisi nyumbani sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ni kitu kizuri na wengi hawaijui. Lakini mita 60 za mchanga zinamsaidia nini mama mchokoa pweza kama njia ya kuzifikia imejengewa ukuta? Likizo iliyopita tulikwenda sehemu moja ambayo utotoni tulikuwa tunashukia baharini na ndoo, njia iko palepale kwenye akili yangu, mnazi, kisima, alafu mchanga, sahivi kuna ukuta wenye vipande vya chupa juu na geti, kijana wa getini akaniambia kwa adabu kabisa, “Mama shikamoo, lakini hapa ni wageni wa hoteli tu.” Simlaumu, yuko kazini. Nikamuuliza wavuvi wanapita wapi, akaniambia wanazunguka mbali kule kwenye mikoko. Wazee wenye nyavu begani wanazunguka mikoko kwenye bahari yao wenyewe.

Kwaiyo mhariri ombi langu ni dogo. Tuma mwandishi na mpiga picha, siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa, watembee kwa miguu kutoka Kawe mpaka Ununio, wahesabu vichochoro vinavyoshuka baharini, vipi viko wazi, vipi vimezibwa, vipi vina geti na geti hilo linafunguliwa kwa nani. Wavuvi wa Kunduchi watawaonyesha vilivyokuwepo zamani, wazee wanavikumbuka kimoja kimoja. Mkimaliza hapo fanyeni Tanga, na wenzenu wa Mombasa wafanye kutoka Nyali kupanda mpaka Kilifi. Mchapishe orodha, wiki hata wiki, na wasomaji wataje vya kwao, na mimi nitataja cha kwetu na nitatuma ramani niliyoichora na kaka yangu, yenye mnazi na kisima.

Mama Neema,
Salem, Oregon